Alhamisi ya Nne

Tumeshona mashuka mawili yakawa moja.
Mshono umepita katikati, kwa hiyo kila Alhamisi
Peresia Akumu ana mstari usoni
kutoka utosini hadi kidevuni,
na hakuna anayelalamika.

Ukumbi wa Kaloleni, viti vya kukodi,
watoto mkekani, wazee nyuma karibu na mlango
ili wakienda haja wasituvuruge.
Mimi nauza tiketi. Shilingi hamsini.
Kama huna, ingia, usimwambie Onditi wa kamati.

Wiki ya kwanza alikuwa nesi.
Ya pili, mke wa dereva wa garimoshi:
alilia kwa jicho moja, la kushoto,
na Mzee Shitandi akasema kwa sauti
kwamba mkewe hajawahi kumlilia hata kwa hilo moja.
Ya tatu stima ilipotea kabla mwizi hajajulikana.
Tukaimalizia gizani kwa kusimuliana,
kila safu na mwizi wake.

Mimi nilikuwa naisubiri ya nne.

Katika ya nne yeye ni msusi.
Filamu imezeeka, rangi zimekimbia,
imebaki kahawia, kama chai iliyosahauliwa kwenye sufuria.
Bibi harusi ameketi chini, kichwa kati ya magoti yake.
Uso wa Peresia unazungumza, unazungumza,
kisha kamera inashuka
na mikono tunayoikuta huko chini
si yake.

Ni ya mama.

Kovu la gumba la kushoto,
la pasi ya makaa, mwaka niliozaliwa.
Walimtoa kibandani Shauri Moyo asubuhi,
wakamvalisha mikono ya gauni,
mikono tu, gauni lenyewe alilivaa mwenye uso.
Wakampa shilingi mia na soda mbili.
Moja aliniletea. Ilikuwa imeisha gesi. Niliinywa yote.

Anasuka twende kilioni.
Anapasua nywele kwa ncha ya kichana,
njia nyoofu hadi kisogoni,
anashika, anapitisha, anavuta,
na bibi harusi anafinya macho, hilo halikuwa kuigiza,
mama alikuwa na mkono mzito.
Dakika moja na sekunde kumi na moja.
Nyumbani tuna picha yake ya kitambulisho
na ile ya jeneza, ambayo ni hiyo hiyo, imekuzwa.
Hapa anasogea.

Peresia alikuja mwenyewe usiku ule,
mkongojo wa alumini, kiti cha mbele chenye mto.
Taa zikawashwa, maswali yakaanza,
na Tindi, wa miaka saba, akasimama mkekani:
"Bibi, lile kovu ulilipeleka wapi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.
Aliinua mikono yake, akaigeuza,
kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini.
"Sikujua kusuka, mwanangu. Hata leo sijui.
Alikuja mama mmoja, ananukia moshi na mafuta ya nazi.
Akaniambia, wewe sema, mimi nitafanya.
Jina lake..."

Akalitafuta. Tukamwona akilitafuta.
Nilikuwa mlangoni na kopo la pesa,
jina kinywani mwangu tangu wiki ya kwanza,
na ulimi umekauka kama uzi.
Onditi akasema, swali linalofuata.

Alipotoka nilimshika kiwiko pale penye ngazi,
ile ya pili imebomoka.
Nikasema: Dorsila Nekesa.
Akasimama. "Lirudie."
Nikalirudia.
Akanitazama nywele, siyo uso,
na kidole chake laini kikafuata njia moja
kutoka kwenye paji hadi kisogoni, polepole,
kama anayesoma.
Teksi ikapiga honi.

Alhamisi ijayo yeye ni hakimu.
Njooni na sweta. Dirisha la kushoto halifungi.