Ripoti ya Mwezi wa Nane, Tawi la Malindi

Tajiri, salamu zimetangulia, hesabu zinafuata.
Unga umekwenda vizuri. Sukari, mifuko miwili
imetobolewa na panya; nimeambatisha picha ya tundu.
Mafuta ya kupikia yamelala rafuni
tangu jirani apunguze bei kwa shilingi tano,
na watu wa Malindi, kwa shilingi tano,
huvuka barabara mbili na jua la saa saba.

Uliniuliza kwa simu: "Wafanyakazi wana ari?"
Nikajibu "wanayo," kwa kuwa laini ilikuwa mbovu
na ari si kitu cha kupigia kelele.
Sasa nakuandikia.

Ile fremu uliyotuma, ya Mfanyakazi Bora,
niliitundika juu ya friji ya maziwa.
Nikaweka picha ya Thoya, anatabasamu, shati limepigwa pasi.
Wenzake wakamwita Mheshimiwa siku kumi na nne.
Ya kumi na tano akaingia mtu anayemdai,
akaitazama picha, akauliza huyu hutoka saa ngapi.
Thoya aliniomba nimshushe.
Fremu ipo. Ina bei ya mayai.

Famau wa stoo haitaki ile tableti.
Ameifunika kitambaa, anaipangusa kila Ijumaa.
Usiku wa kuhesabu mali umeme ulikatika,
jenereta ikakohoa mara tatu ikanyamaza,
naye akasimama gizani akaita rafu kwa rafu:
sabuni za mche, kumi na tisa;
viberiti, arubaini na vitatu;
majani ya chai, paketi saba, moja imelowa.
Taa ziliporudi tukahakiki. Alikosea kiberiti kimoja.
Nikamwambia, "Ahsante, Famau."
Akaweka chini alichoshika.
"Nimekosa wapi?"
Miaka sita yuko kwetu, na neno hilo, hapa dukani,
huwa latangulia barua ya kufukuzwa.

Na Nyevu, wa kaunta ya pili.
Uliamuru akatwe zile mia tatu na arubaini.
Nilizitoa risiti zote nikazitandaza sakafuni,
nikatambaa juu yake kama anayetafuta sindano.
Asubuhi hakosei. Adhuhuri hakosei,
hata Waitaliano wakimjia watano kwa mpigo
anawarudishia chenji kwa lugha yao
na kuwacheka kwa yake.
Makosa huingia saa kumi na moja,
anapoanza kusimama kwa mguu mmoja,
kisha wa pili, kisha ule wa kwanza.
Kanuni yako ya tisa: keshia hakai.

Tajiri, nilinunua kigoda.
Mia nane na hamsini, kwa fundi wa Maweni,
mguu mmoja mfupi, tumeutilia kadibodi.
Nimekiandika kwenye "matengenezo,"
na sioni kama nimedanganya.
Wiki ya tatu hii, droo yake haijapungua hata senti.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyolelewa.
Nami kila nikiinua mlango wa chuma asubuhi
nawatazama wakiingia mmoja mmoja, mabega juu,
kama waingiao kwa watu.
Sijui kama fomu yako ina safu ya kitu hicho.
Sikuiona.

Zile mia tatu na arubaini nimezilipa mimi.
Za kigoda, nikate ukitaka.
Lakini ukija kutukagua mwezi ujao
utamkuta ameketi. Atakuona, atashtuka, atainuka,
na kigoda kitaanguka kwa ule mguu mfupi.
Kiokote, ikiwa mgongo unaruhusu.
Kisha mwambie: kaa.
Ni silabi mbili, na hazitozwi ushuru.