Pingili ya Saba

Newala, Juni. Ukungu umeingia mpaka kwenye kopo la gundi.
Nimewasha mkaa, si kwa chai;
gundi ya ngozi ikionja baridi haishiki kitu.

Ubao ni mpingo, upana vidole vitatu,
kipande walichokitupa kiwandani kwa ajili ya ufa
na mstari mweupe ubavuni, kama mate ya usingizi.
Ufa nimeuziba kwa unga wake wenyewe.

Jana nilifunga nyuzi za kujaribia.
Pingili ya kwanza ikaitika. Ya tatu, ya tano.
Ya saba ikakoroma.

Basi nyuzi chini. Vijiti vya shaba nikaving'oa kwa koleo,
kimoja kikaondoka na kibanzi,
nikatukana peke yangu.

Sijaona hakuniomba urembo.
Anabangua korosho tangu hajavunja ungo,
mafuta ya maganda yamemla ncha za vidole,
hata siku benki walipotaka dole gumba
mashine ilimkana.
Alisema: fundi, nyuzi zilale karibu na ubao,
nisibonyeze mpaka nilie.

Napaka chaki ubao mzima,
chaki ya kuomba kwa Mwalimu Nampoto.
Napitisha msasa niliougandisha kwenye kipande cha kioo,
taratibu, mkono usilemee upande.
Palipoinuka, chaki inakwenda.
Palipozama inabaki.
Na pale pa saba kimebaki kidimbwi cheupe,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Mpingo haujazwi.
Unachoweza ni kuushusha ubao wote
ulingane na pale pa chini kabisa.

Lakini usiwe meza. Uachie mgongo kidogo, wa kijiko;
kipimo nimekikata kwenye dumu la mafuta ya kula.

Chaki tena. Msasa tena. Kamasi nyeusi.
Mchana umepita na ugali umeota ngozi.

Nasimamisha rula ya chuma juu ya ubao,
nafumba jicho moja, nauelekeza mlangoni.
Giza. Mlango umezibwa na mtu.
"Sogea, mama, unanila mwanga."
Akasogea. Nikachungulia chini ya rula,
toka kichwani mpaka pingili ya mwisho.
"Umeona upenyo?" akauliza.

"Sijaona," nikasema,
akadhani namwita,
akavua kandambili, akaingia.