Jiwe la Mpanda

Lilidondoka kutoka behewa la madini ya Mpanda,
zito kuliko umbo lake, liking'aa kama kisu kilichotoka kunolewa.
Baba alilikuta relini akitia grisi, stesheni ya Tabora.
Alilifunika ndani ya kofia, akavuka Kanyenye nzima kichwa wazi,
watu wakidhani amefiwa.

Kesho yake kilindo cha mama kilikuwa kitupu.
Asali imehamia sufuriani; gome limevishwa waya
wa dainamo iliyoungua, mizunguko mia na kumi na miwili.
Najua, kwa sababu mhesabuji nilikuwa mimi,
na kila nilipokosea alifumua, tukaanza upya.
Nta ilishika pale gundi iliposhindwa.
Kisikilizio kilitoka kwenye simu ya stesheni iliyokufa,
na sindano ya kuligusa jiwe ilikuwa pini
ya nepi ya mdogo wangu Nyanzala.

"Betri iko wapi?" aliuliza Kapela, fundi baiskeli.
"Haina."
"Sasa itakula nini?"
"Hewa."
Kapela alicheka hadi akashika ukuta.

Kazi yangu ilikuwa maji.
Waya wa ardhini hautaki udongo mkavu,
na Oktoba ile ardhi ilikauka kama kaakaa la mwenye homa.
Kikombe kimoja kila jioni, mama asijue.
Alijua. Aliyahesabu maji kama nilivyouhesabu waya.

Usiku baada ya usiku baba alilitekenya jiwe
akitafuta mahali linaposikia:
hapa kiziwi, hapa kiziwi, na hapa.
Dar es Salaam haikusema. Nairobi haikusema.
Tulipata mkwaruzo tu,
kama mtu anayekaanga karanga nyumba ya pili.

Mama alikuja kudai kilindo chake.
Akakitwaa kisikilizio, nadhani ili akitupe,
kikamgusa sikio.
Akanyamaza.
"Hii si redio," akasema. "Hii ni mvua.
Iko Urambo, au kabla ya hapo."
Nje nyota zilijaa hadi ukingoni.

Alfajiri alishusha mbegu darini,
na baba, aliyekuwa akiwinda sauti za watu,
akashika jembe bila neno.

Mvua ilipofika, waya wa ardhini ulijinywea wenyewe.
Mimi nikaachishwa kazi.

Kilindo ninacho, kimerudia asali.
Alama za waya bado zimo kwenye gome.
Juzi binti yangu alizihesabu, akapata mia na kumi na moja.
Nikamwambia aanze upya.