Dakika Mbili na Sekunde Kumi na Moja

Onyesho lina dakika mbili na sekunde kumi na moja.
Nimelitazama mara ishirini na tisa
kwenye simu yenye ufa uliopita katikati,
hata mwanamke wa filamu
ana kovu ambalo mwongozaji hakumpa.

Hakuna mengi. Jiko. Mvua juu ya bati.
Mwanamke anaweka sahani mbili mezani,
anasimama,
anaondoa moja.
Kamera iko mlangoni, haiingii,
kama mgeni aliyepiga hodi akaambiwa subiri.

Mwalimu Birhashwirwa ametupa dakika kumi kila mmoja.
"Msinisimulie kilichotokea," alisema, "nina macho.
Niambieni kimepigwaje, na kwa nini hivyo."
Basi nimeandika, kwa wino wa bluu:
kamera tuli; mwanga wa upande mmoja; hakuna muziki.
Na kwa wino mwekundu, kalamu ya kuazima kwa Cishugi:
sahani ya pili ni kifo.
Niliipenda sentensi hiyo. Niliipigia mstari.

Hapa Kadutu umeme umekwenda tangu saa moja na nusu.
Betri, asilimia kumi na nne.
Nasema kwa sauti mbele ya ndoo, magunia mawili,
na mdogo wangu Akonkwa
aliyekubali kuwa darasa zima kwa malipo ya biskuti.
"Mheshimiwa Mwalimu, wanafunzi wenzangu..."
Anacheka. "Unaongea kama redio."
Naanza upya. Dakika nne, maneno yamekwisha.
Naanza upya, polepole, nikimeza mate kila nukta:
dakika nne na nusu.
Akonkwa amelala, makombo kidevuni.
Hadhira yangu yote inakoroma.

Mama anaingia na beseni la sambaza zilizokosa mnunuzi,
harufu ya ziwa imemtangulia.
"Nionyeshe hicho kinachokutoa jasho."
Nampa simu. Asilimia tisa.
Anaisogeza mbali, anaivuta karibu;
kwa macho yake siku hizi hakuna umbali ulio sawa.
Anatazama mara moja tu.

"Mumewe amekufa," namsaidia. "Sahani ni alama."
"Amekufa lini?"
"Filamu haisemi."
"Inasema. Tazama anavyoishika."
Anarudisha nyuma kwa kidole chenye magamba.
"Ameishika kwa ncha ya kitenge. Sahani ina moto.
Nani humpakulia maiti ugali wa moto?
Huyo mtu ametoka sasa hivi, labda yuko bado kwenye ngazi.
Huyu mama hajui amfunikie
au awagawie watoto."

Mara ishirini na tisa,
sikukiona kitenge.

Mama amekwenda kutia chumvi samaki wake.
Magamba mawili yamebaki kwenye kioo,
yameganda palepale penye sahani.
Rafuni kwetu ipo moja ya kijani, ya bati,
imefunikwa kifudifudi
tangu Baba apande boti ya Goma, wiki ya Pasaka.
Mama hakuitazama alipokuwa akisema.
Niliitazama mimi.
Hilo silitii kwenye karatasi. Liko nje ya fremu,
na Mwalimu atauliza chanzo.

Simu inazimika katika sekunde ya themanini,
mkono ukiwa bado hewani.
Nawasha mshumaa. Naifuta sentensi nyekundu,
lakini wino wa Cishugi ni mkaidi,
kifo kinasomeka bado chini ya mikwaruzo.
Sina hitimisho tena. Nina utangulizi wa uongo,
dakika sita tupu,
na sahani inayopoa.

Nasimama mbele ya ndoo.
Simsalimu mtu.
"Tazameni mkono wake," nasema.

Akonkwa anafumbua jicho moja.
"Mkono upi?"