Mstari wa Kumi na Saba

Tulivalisha vifundo thelathini vya mikono
mikanda ya mpira, kila mmoja na jicho la kijani
linalochungulia mshipa usiku kucha:
hatua, mapigo, saa za usingizi.
Wazee tu. Wauguzi hawakuwamo.
Bajeti, alisema profesa, ni shuka fupi:
ukifunika kichwa, miguu hubaki nje.

Kemijärvi, mwezi wa Januari.
Jua halichomozi. Saa tano asubuhi mbingu hupauka kidogo,
kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.

Eevertti Kumpula, chumba cha tisa, miaka tisini na mmoja,
zamani aliteremsha magogo mtoni kwa upondo wenye ncha ya chuma,
akivuka kutoka gogo hadi gogo, ng'ambo hadi ng'ambo,
bila (anaapa) kulowesha soksi.
Nikafungua dodoso.
Katika wiki mbili zilizopita, umejihisi mchangamfu mara ngapi?
"Mchangamfu kwa ajili ya nani?"
Umeamka ukiwa umepumzika?
"Sijaamka tangu mwaka wa nyonga."
Hivyo ndivyo anavyohesabu: mwaka wa bwawa,
mwaka wa Lempi kuzikwa, mwaka wa nyonga.
Nikatia alama kwenye *haijulikani*.
Katika fomu zetu, kisanduku hicho hushiba kuliko vyote.

Siku ya kumi nikapakua takwimu.
Mstari wa kumi na saba ulikuwa wazimu mtupu:
mtu asiyesimama bila kushikwa na wawili
ametembea kilomita kumi na nne kwa usiku mmoja,
usiku wa pili kumi na tatu,
mapigo juu, mapigo juu,
saa tisa na robo dakika nne za utulivu,
kisha mbio tena mpaka alfajiri.
"Hitilafu ya kifaa," profesa akaandika. "Futa."

Sikufuta.
Niliendesha gari kilomita themanini juu ya barafu,
nikaingia usiku wa manane kwa mlango wa jikoni.
Korido ilinuka dawa ya sakafu na kahawa iliyosahauliwa.
Eevertti alikuwa amelala, mkono mtupu juu ya blanketi,
na jicho la kijani
lilikuwa likikimbia.
Nililiona jicho kwanza, halafu mkono, halafu Tuulikki,
muuguzi wa zamu, mmoja kwa thelathini:
kengele ya nne, kengele ya kumi na mbili,
shuka hii, glasi ile,
bibi anayemwita baba yake, atolewe zizini.
Aliponiona akauficha mkono mgongoni
kama mtoto aliyekamatwa na sukari.
"Usiwaambie. Mzee aliniomba niuvae.
Nilidhani ni utani wake."

Saa tisa na robo akaingia chumba cha tisa,
akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja tu.
Mzee, macho yamefumba,
akasogeza miguu kumpa nafasi.

Asubuhi nilimkuta akinisubiri.
"Uliniuliza afya yangu," akasema. "Nikakujibu.
Ndiyo ile, inakimbia koridoni,
na soli zake zimeisha."

Ripoti ilitoka theluji ilipoanza kuyeyuka.
Wazee ishirini na tisa.
Usingizi wao, ilisema, ni wa kuridhisha.
Jina langu limo, la tano, kwa herufi ndogo.

Lakini ninalo dodoso moja lisilo na namba,
nililomjazia Tuulikki usiku ule, mlangoni mwa stoo ya shuka,
bila kibali cha kamati yoyote.
Umejihisi mchangamfu? Kidogo, Jumanne.
Umejihisi mtulivu? Dakika nne.
Je, yupo anayekuuliza hali yako zamu ikiisha?
Akafungua kinywa.
Kengele ya kumi na moja ikalia.

Nikabaki na kalamu hewani, nikimsikia akienda,
na bila kukusudia
nikaanza kuhesabu hatua.