Mbuzi Kutoka Muheza

Katikati ya godoro na baiskeli ya Semvua
nilipakia mbuzi.
Mama aliifunga kwa kanga kuukuu, akasema:
huko uendako hawakuni nazi,
bora uende na meno yako.

Pale Mutukula afisa alisoma orodha ya vyombo,
akalizunguka lori mara mbili.
"Mbuzi yuko wapi? Ana cheti cha mifugo?"
Nikafungua kanga: ubao, miguu ya kukunja, ulimi wa chuma.
Alicheka hata akasahau kugonga muhuri pasi ya Nakijwa,
kicheko kilichotugharimu safari mbili za Kampala.

Kisha Gulu, mtaa wa Layibi, nyumba ya kampuni yenye geti la bluu.
Mbwambo alishinda porini akipima visima.
Mimi, mwalimu wa hesabu asiye na darasa,
nilihesabu sufuria.
Wali mkavu. Maharage ya chumvi. Wali mkavu.
Nakijwa, miaka sita, akauliza kama nazi imekufa.

Sokoni nilisema kama nilivyozoea kwetu:
"Mama, haya majani fungu bei gani?"
Akainamisha macho, akanisogezea mafungu mawili,
akataja bei ya moja,
upesi, kama mtu anayelipa faini.

Jirani yangu Lanyero ndiye aliyenieleza, jioni, akipepeta ufuta.
Lugha yako, alisema, ilipita hapa kabla yako.
Ilikuwa imevaa buti.
Kiswahili chake yeye kilikuwa maneno matatu:
simama, lala chini, toa.
Nikatazama mikono yangu.
Lugha hiyohiyo niliogeshwa nayo, nikibembelezwa,
sabuni isiniingie machoni.

Nikarudi kwa yule mama na apwoyo yangu mbovu
na jina la majani, malakwang,
nililolivunja vipande.
Soko zima likanisahihisha.
Safari hii alinitoza bei kamili, na senti ya juu.
Sijawahi kulipa kwa furaha hivyo.

Malakwang ni mchicha uliogombana na ukwaju.
Lanyero aliichemsha, akamwaga maji, akachemsha tena,
kisha akachota odii, karanga na ufuta
vilivyosagwa pamoja hadi vikatoka jasho,
akakoroga kwa moto mdogo, bila haraka,
na tui likaja.
Haikuwa tui, najua.
Ila lilikuja kama tui, zito, likipanda kingo za chungu,
nami nikapokonya mwiko bila kuomba ruhusa,
kwa sababu hapo ndipo mtu hukoroga, asiache, lisikatike.
"Kumbe unajua," alisema.

Mbwambo alimega kiazi kitamu, akachovya,
akanyamaza, yeye anayekosoa hata maji.

Mvua za kwanza zikashusha kumbikumbi.
Semvua akarudi na kofia imejaa,
mabawa yamemganda kidevuni,
wakakaanga kwa Lanyero, akaniletea kiganja kimoja.
Wa kwanza nilimla nimefumba macho.
Wa pili nikafumbua.
Baadaye nilikuta nalamba chumvi vidoleni,
mlango nimeufunga, nisigawane.

Juzi mvuke uliniunguza mkono.
Lanyero, mgongo kwangu, akipuliza kuni,
akasema, "Pole."
Sijui nani alimfundisha. Namshuku Nakijwa.
Sikumjibu. Niliogopa sauti yangu.

Na mbuzi? Komakech, kitinda mimba wa Lanyero,
ndiye aliyeipatia kazi:
huipanda kinyumenyume, meno yakiwa nyuma yake,
akachambua kunde na kuiamuru iende mbio.
Kila Jumapili Mama hupiga simu, hata salamu haanzi nazo:
"Mbuzi hajambo?"
Hajambo, Mama.
Amepata mchungaji.