Kipimo cha Jioni

Jerneja hauzi kiatu asubuhi.
"Rudi jioni," aliniambia, ufunguo ukiwa bado mlangoni,
"mguu wa asubuhi ni mwongo, haujabeba kitu."
Nikarudi saa kumi na mbili, mvua ikiosha paa za Tolmin.
Nilikuwa nimetembea kutwa,
nyayo zimeumuka kama unga uliotiwa hamira ukasahauliwa.

Akatandika karatasi sakafuni. Nikasimama juu yake, uzito wote,
naye akapiga magoti, akauzungusha mguu wangu
kwa penseli ya seremala.
Ilinitekenya. Nilicheka kama mtoto anayenyolewa.
Kisha akachukua kiatu nilichokuja nacho,
akakiweka juu ya mchoro:
kidole gumba kikabaki nje, na kile kidogo nje,
kama wageni walionyimwa mlango.
"Tazama," akasema. Hakuongeza neno.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa tarishi.
Posta ilitupa viatu vyeusi vyenye ncha,
kisigino kimeinuka kidogo, cha heshima,
nami ndani yake nikapeleka pensheni, posa, hati za madeni,
kadi za Krismasi hadi nyumba za juu kabisa
ambako hata mbuzi hupanda kwa kupumzika.
Hakuna aliyeuliza vidole vyangu viko wapi.
Vilikuwa vimelaliana mle gizani, kimoja juu ya mwenzake,
kama barua ndani ya mfuko.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa;
vyangu vitano havikuwa na nafasi hata ya kujikuna.

Nilipostaafu, mwili ulikubali, miguu ikakataa.
Saa kumi na moja alfajiri iliamka yenyewe, ikidai njia.
Nikaipa. Kwanza kutembea tu, kisha mteremko ukanisukuma
nikajikuta nakimbia, mwanamke wa miaka sitini na miwili,
katikati ya misonobari,
bila barua hata moja mkononi.

Jerneja akaleta jozi tatu.
Ya kwanza nzuri, samawati, rangi ya mto Soča mwezi Mei.
Ilinibana pembeni. Nikasema itajinyoosha.
"Usikisamehe dukani," akasema, "mlimani hakitakusamehe."
Ya pili ilinipwaya kisigino.
Ya tatu, niseme kweli, ilikuwa mbaya kama mdomo wa bata:
rangi ya haradali, pana mbele, soli bapa,
kisigino na vidole usawa mmoja kama sakafu ya kanisa.
Akachomoa soli ya ndani, nikaikanyaga;
hakuna nyama iliyomwagika ukingoni.
Nikatia mguu. Nikangoja maumivu, kwa mazoea,
kama tarishi angojavyo mbwa wa nyumba fulani abweke.

Hakubweka.

Niliinua kidole gumba. Kikainuka peke yake.
Nilikuwa nimesahau kwamba kinaweza.

"Lakini polepole," akasema, akihesabu chenji.
"Kisigino kimeshuka, vigimbi vitalalamika.
Dakika kumi wiki hii, basi."
Nilimsikia. Jumapili nikapanda hadi malisho ya juu, saa mbili nzima,
na Jumatatu nikashuka ngazi kinyumenyume
nimeshika ukuta, natukana kwa sauti ya chini
ili jirani yangu Bogomil asipate la kusimulia.

Sasa ni Oktoba. Nakimbia nusu saa kwenye tope na majani,
vidole vikijitandaza mle ndani, vikiishika ardhi
kama mkono ushikavyo kitasa cha nyumba yake mwenyewe.
Viatu vimechakaa, haradali imekuwa udongo.
Jana, mteremko wa juu ya makaburi, nilisimama.
Mama yuko pale. Tulimvika viatu vyake vya kanisani,
namba thelathini na saba,
na mguu wake ulikuwa thelathini na tisa.
Nilivichagua mimi. Vilikuwa vinang'aa.

Nikainama, nikafungua kamba,
nikazifunga tena, bila kukaza.